Modi za Kulipia na Apdeti Zinazovunja Gemu: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Mombasa

Modi ni nyongeza au mabadiliko ya gemu, mara nyingi yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Majibu haya ni ya wachezaji wa kompyuta, PS na simu, wa nyumbani na wa vyumba vya gemu, kuanzia Likoni mpaka Bamburi. Maneno yaliyo kwenye alama za nukuu ni yale utakayoyaona kwenye kioo chako, tumeyaacha yalivyo ili usipotee.

Nimelala gemu ikiwa nzima, nimeamka haifunguki. Imekuwaje?

Apdeti imeingia ukiwa usingizini. Steam, duka linaloshusha na kufungua gemu za kompyuta, ikiachwa wazi usiku hushusha kitu kipya bila kugonga hodi, na asubuhi faili kuu la gemu, lile la .exe, si lile la jana.

Usikimbilie kufuta modi. Kabla ya jambo lolote, nakili folda ya sevu (mafaili yanayohifadhi mchezo wako) uiweke mbali. Kwa Skyrim Special Edition iko ndani ya Documents\My Games\Skyrim Special Edition\Saves, na kila sevu ina mafaili mawili: moja la .ess na jingine la .skse. Chukua yote mawili. Ukichukua .ess peke yake, gemu itafunguka lakini yale ambayo modi zilikuwa zimeyaandika pembeni yatakuwa yamepotea.

Kisha soma toleo. Bofya kulia faili la SkyrimSE.exe, fungua "Properties", kisha "Details", uangalie "File version". Linganisha na SKSE uliyo nayo, programu ya pembeni ambayo modi nyingi za Skyrim huitegemea: SKSE64 2.0.20 ni ya gemu 1.5.97, na 2.2.6 ni ya 1.6.1170. Zisipolingana, kijidirisha hutokea kukwambia toleo si lake, na hapo hapo safari inaishia. Zikilingana na bado gemu inaanguka, fungua skse64.log kwenye folda ya SKSE, jirani ya ile ya Saves. Tafuta mstari wenye jina la .dll na maneno "disabled, incompatible". Huyo ndiye mhalifu wako, na kwa kawaida hayuko peke yake.

Apdeti ya MB chache inavunjaje modi mia?

Modi ziko za namna mbili. Za vitu, yaani picha, nguo, magari, sauti na ramani, hukaa kwenye mafaili ya data na mara nyingi hazijui hata kama apdeti imepita. Za msimbo ndizo zenye shida. Hizi ni .dll zinazoingia kwenye kumbukumbu ya gemu ikiwa inatembea na kushika kazi fulani kwa kufuata anwani yake.

Chukulia umeelekezwa duka la Biashara Street kwa kuhesabu milango: wa kumi na saba kutoka kona. Mwenye jengo akitoboa mlango mmoja mpya pale mwanzo, wewe utaingia duka la mtu mwingine na kuomba kanga kwa muuza misumari. Modi nayo hufanya vivyo hivyo, ila gemu haina subira ya muuza misumari. Inajifunga.

Dawa iliyobuniwa na watengenezaji wa modi inaitwa Address Library. Ni daftari la anwani, moja kwa kila toleo. Ya 1.5.97 ni version-1-5-97-0.bin, na ya 1.6.1170 ni versionlib-1-6-1170-0.bin. Angalia majina: ya kwanza inaanza na version, ya pili na versionlib. Watu wengi hushusha isiyo yao na kulaumu modi.

Lakini daftari halitoshi jengo likibomolewa lote. Tarehe 11 Novemba 2021, Skyrim ilipotolewa kama Anniversary Edition, faili kuu lilitengenezwa upya kwa zana mpya zaidi. Kazi nyingine ziliunganishwa, nyingine zikahamishwa, na waandishi wa .dll ikabidi warudi kwenye msimbo wao mstari kwa mstari. Waliokuwa wameshaacha hawakurudi. Ndiyo maana miaka yote hii bado kuna watu wamekaa 1.5.97 na hawana mpango wa kuhama.

Fallout 4 ilipata yake tarehe 25 Aprili 2024, ilipotoka 1.10.163 kwenda 1.10.980. F4SE, ambayo ni SKSE ya Fallout 4, ikafa, na mafaili mapya ya .ba2 yakawa na alama ya toleo ambayo gemu ya zamani haiisomi. Modi kubwa ya Fallout: London ilikuwa itoke siku mbili kabla ya hapo. Ikaahirishwa, ikatoka tarehe 25 Julai, na sharti la kwanza kwa mchezaji likawa kurudisha gemu toleo la nyuma.

Kwani apdeti hizi zinarekebisha nini hasa?

Mara nyingine makosa ya kweli. Mara nyingi mno, duka.

Hili watu hawalioni mpaka waonyeshwe: duka la modi za kulipia limejengwa ndani ya gemu yenyewe. Bethesda, wenye Skyrim na Fallout, walipoanzisha duka la Creation Club mwaka 2017, kuongeza bidhaa kulikuja mara kwa mara na .exe mpya, hata kama ndani ya gemu hakuna jiwe lililosogezwa. Mchezaji ambaye hajawahi kununua hata panga alijikuta modi zake za bure zimekufa kwa sababu duka limeletewa mzigo. Ukishaelewa hivyo, utaelewa kwa nini hasira ya modi za kulipia na hasira ya apdeti ni hasira moja.

Tarehe 5 Desemba 2023 jambo likajirudia kwa ukubwa zaidi. Toleo 1.6.1130 lilileta duka jipya la Creations, ambapo waandishi waliokubaliwa na kampuni wanauza modi zao. SKSE ikavunjika siku hiyo hiyo. Halafu kulikuwa na mtego wa pili uliojificha: plagini (mafaili ya modi yanayosomwa na gemu) zilizohifadhiwa kwa zana mpya zilipewa alama 1.71, na gemu ya zamani haizisomi sawasawa. Ukiwa 1.5.97 na modi mpya inakugomea bila sababu ya kueleweka, weka modi ndogo inayoitwa BEES, kirefu chake Backported Extended ESL Support. Kwa wengi huo ndio mwisho wa tatizo.

Hii habari ya kulipia modi ilianzia wapi?

Kwa Skyrim, tarehe 23 Aprili 2015. Valve, wenye Steam, na Bethesda waliruhusu modi kuuzwa kwenye Steam Workshop, sehemu ya modi ndani ya Steam, mwenye modi akipata asilimia 25 na iliyobaki ikigawanywa na wakubwa. Siku nne tu. Tarehe 27 wakaifunga na kurudisha pesa.

Hazikuwa kelele za watu wasiotaka kulipa, ingawa hao nao walikuwepo. Modi hazijengwi peke yake. Ya uvuvi inatumia miondoko ya mwili iliyotengenezwa na mwingine, ya nyumba inatumia samani za wa tatu. Ilipoingia pesa, swali la nani ni mwenye nini likawaka siku ile ile, na modi mojawapo ya mwanzo ilibidi iondolewe kwa sababu hiyo. Isitoshe, aliyeuza hakuwa na wajibu wa kuitengeneza modi baada ya apdeti inayofuata.

Kampuni nyingine walipitia mlango wa nyuma. Mwaka 2020 Warcraft III: Reforged ilipotoka, masharti yake yalisema ramani zinazotengenezwa na wachezaji ni mali ya Blizzard, wenye gemu hiyo. Kumbuka Dota ilizaliwa kama ramani ya mchezaji ndani ya Warcraft III, ikaishia kuwa gemu kubwa ya Valve. Hawakutaka kuumwa mara mbili.

Kwa hiyo mnapinga modi kulipiwa?

Hapana. Kijana wa Kisauni anayekesha akichora matatu, rangi kwa rangi, taa kwa taa, na maandishi ya nyuma yakasomeka, amefanya kazi. Anayemtumia shilingi mia mbili kwa M-Pesa anafanya jambo la haki.

Ugomvi wetu uko kwingine. Kampuni ikichukua fungu lake kwenye modi, basi iwe imeipima na apdeti ya kesho isiiue. Kuchukua pesa za muuzaji na kumwachia mnunuzi mzigo wa kutengeneza ni udalali, tena udalali mbaya.

Bei za pointi zinanichanganya. Nalipa kiasi gani kweli?

Zaidi ya unavyodhani, kwa sababu pointi, yaani sarafu ya duka la ndani ya gemu, haziuzwi kwa idadi unayoitaka. Mfano ulio wazi ni Starfield, Juni 2024. Misheni moja iitwayo The Vulture iliwekwa kwa pointi 700. Pointi zinauzwa kwa mafungu, kwa hiyo ulinunua 1,000 kwa takriban dola 10 na 300 zikabaki zimelala. Hizo 300 zilizolala ndiyo biashara yenyewe: hazitoshi kitu cha maana, hazirudi kuwa pesa, nawe utaongeza nyingine ili zisipotee.

Kabla ya kununua, chukua bei ya fungu zima kuwa ndiyo bei ya kitu unachokitaka, usihesabu bei ya pointi. Kisha ongeza makato ya kadi na tofauti ya kubadilisha dola. Anayelipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay aangalie kiasi cha shilingi kwenye ujumbe, asitegemee hesabu ya kichwa.

Nizuie vipi apdeti kwenye Steam?

Hakuna kitufe cha "usisasishe kabisa". Kuna kufuli tatu, na ni vyema uziweke zote.

Ya kwanza ni ya kawaida: bofya kulia gemu, "Properties", "Updates", chagua gemu isasishwe pale tu unapoifungua. Halafu usiifungue tena kwa kitufe cha "Play". Fungua kwa skse64_loader.exe, Steam ikiwa wazi nyuma. Njia hiyo haipiti kwenye geti la apdeti.

Ya pili: funga Steam kabisa, mpaka alama yake itoke pale chini karibu na saa. Nenda folda ya steamapps utafute appmanifest_489830.acf kwa Skyrim Special Edition, au appmanifest_377160.acf kwa Fallout 4. Bofya kulia, "Properties", weka alama "Read-only". Steam ikijaribu kusasisha italalamika kwamba imeshindwa kuandika kwenye diski. Usiogope, huo mlio ndio dalili kwamba kufuli limeshika.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda. Nakili folda nzima ya gemu uitoe nje ya steamapps, mathalan D:\Gemu\Skyrim, kisha elekeza Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, kwenye nakala hiyo. Steam ibaki na yake, iisasishe mpaka ichoke. Mod Organizer haimwagi modi ndani ya folda ya gemu, huziunganisha wakati wa kucheza tu, kwa hiyo nakala yako inabaki safi. Vortex, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo ni nzuri lakini hutumia viungo vya diski, na viungo hivyo havivuki kutoka diski moja kwenda nyingine. Modi zikiwa D na gemu ikiwa C, itakugomea.

Tahadhari moja ambayo imewaponza wengi: "Verify integrity of game files". Watu huibonyeza stima ikipotea katikati ya mchezo na faili likaharibika. Itarekebisha faili, ndiyo, lakini pia itakuletea toleo jipya kabisa na kufuta faili lolote la asili ulilobadilisha. Ukiwa na nakala nje, rudisha kutoka kwenye nakala.

Nimechelewa, imeshasasishwa. Naweza kurudi nyuma?

Kwenye kompyuta, ndiyo, na bila wizi wowote, maana unashusha kutoka Steam yenyewe kitu ulichokinunua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika steam://open/console, kisha Enter. Steam itafunguka na ukurasa wa kuandika amri. Andika download_depot 489830 489833 ukifuatisha namba ndefu ya toleo unalolitaka. Namba hiyo unaipata kwenye tovuti ya SteamDB, kwenye sehemu ya "Manifests" ya depo (fungu la mafaili ya gemu) 489833. Chagua kwa tarehe: 1.5.97 ni ya Novemba 2019. Ukishabonyeza Enter hakutatokea mstari wa maendeleo wala asilimia, na hapo ndipo watu hudhani imekwama wakaifunga. Iache. Ikimaliza itaandika "Depot download complete" na mahali ilipoweka, ndani ya steamapps\content\app_489830\depot_489833. Chukua SkyrimSE.exe uiweke juu ya ile mpya, kisha funga kufuli tulizotaja.

Wengi hurudisha hiyo .exe peke yake na kuacha data mpya. Inafanya kazi ukiwa na BEES.

Na uandike. Namba ya toleo la gemu, la SKSE, tarehe, na modi gani zilikuwepo, kwenye faili la maandishi ndani ya folda hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni usiku wako wa wiki tatu.

GTA V je?

Ugonjwa ule ule, dawa tofauti. Script Hook V, programu inayoendesha modi za skripti, hukataa kila toleo jipya mpaka mwandishi wake aisasishe. Baada ya kila siku njema, nakili GTA5.exe, PlayGTAV.exe na update\update.rpf. Apdeti ikiingia, rudisha hizo. Kwa kubadilisha magari na sauti, tumia folda ya "mods" ya OpenIV, programu ya kuhariri mafaili ya gemu, ili mafaili ya asili yasiguswe.

Tangu Septemba 2024 kuna BattlEye, mlinzi wa mtandaoni. Ukicheza hadithi ukiwa na modi, mzime kwenye mipangilio ya kifungulio cha Rockstar. Usiingie Online na modi, wala usijaribu "mara moja tu".

Ukiuliza kwa nini watu hawaiamini Rockstar kwa jambo la modi: Juni 2017 Take-Two, wenye Rockstar, waliitumia OpenIV barua ya kuisimamisha, wachezaji wakafurika kwenye tathmini za gemu, na siku chache baadaye OpenIV ikaruhusiwa kuendelea. Agosti 2023 Rockstar wakawanunua watu wa FiveM, modi ya kucheza GTA V mtandaoni kwenye seva za wachezaji. Walichotaka kukizima na walichokinunua ni ndugu.

Na The Sims 4?

Huku hali ni nafuu kidogo. Kila apdeti huzima modi zote yenyewe, kwa hiyo gemu haifi, ila nyumba yako inaonekana kama imehamwa. Rudi kwenye mipangilio uwashe tena modi na zile za skripti, lakini si zote kwa pamoja. Toa nusu ya folda ya Mods, ufute localthumbcache.package, ujaribu. Shida ikiwepo, mbaya yuko kwenye nusu iliyobaki, igawe tena. Modi 200 unazimaliza kwa majaribio manane. Mafaili ya skripti yasizikwe zaidi ya folda moja ndani ya Mods, yakizama zaidi hayasomwi.

Kuhusu kulipia, EA, wenye gemu hiyo, walisema Julai 2022 kwamba modi haziwezi kufungiwa nyuma ya malipo milele. Mwandishi anaweza kuwapa wafadhili wake mapema, kisha lazima aiachie wote. Kwa maoni yetu ndiyo kanuni yenye akili zaidi kati ya zote zilizojaribiwa, ingawa wapo wanaoikiuka mchana kweupe.

Nina chumba cha gemu chenye PS4 sita. Nikomboeni.

Kwenye PS hakuna kurudi nyuma ila kwa diski. Gemu ya diski ukiifuta na kuiweka upya mashine ikiwa haina intaneti, inarudi 1.00. Ya kushusha mtandaoni, umekwisha. Kwa hiyo zima apdeti mapema: "Settings", "System", "Automatic Downloads", ondoa alama kwenye mafaili ya programu.

Kwa PES 2021, majina halisi ya timu na jezi huingia kwa USB. Flashi iwe FAT32 au exFAT, na juu kabisa kuwe na folda iitwayo WEPES, herufi kubwa zote. Weka picha na mafaili ndani yake bila folda nyingine katikati, kisha ingiza kupitia sehemu ya "Edit". Kosa linalotokea kila mara: kifurushi kimetengenezwa kwa "Data Pack" (apdeti ya data ya gemu) moja na mashine ina nyingine. Wachezaji wanachanganyika, kipa anavaa kumi. Linganisha namba kwanza.

Wateja wakiuliza kwa nini usiwawekee hizo kwenye eFootball, mrithi wa PES, wajibu kwa upole kwamba mlango umezibwa. Gemu ilipobadilishwa na kuwa ya bure tarehe 30 Septemba 2021, ilipata tathmini mbovu kupita kiasi kwenye Steam, na toleo 1.0 lilikuja Aprili 2022. Uingizaji wa jezi kwa USB uliachwa nyuma, na kinachouzwa sasa ni kadi za wachezaji. Wengi wamebaki na PES za zamani si kwa ushamba. Wamepiga hesabu.

Apdeti inamaliza bando. Kuna ujanja?

Piga hesabu kabla. GB 14 kwenye laini ya Mbps 10 ni saa tatu na dakika kama kumi, ikiwa laini haitikisiki. Kwenye Mbps 4 ni karibu saa nane, na hiyo ni usiku mzima wa kuomba stima isipotee.

Mwenye kompyuta kadhaa ashushe kwa moja tu. Tangu 2023 Steam inaruhusu mashine kunakiliana gemu kupitia mtandao wa ndani: "Settings", "Downloads", kwenye sehemu ya "Game File Transfer over Local Network". Tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, na kila akaunti lazima iwe inamiliki gemu hiyo.

Waya za baharini zinatua papa hapa mjini, lakini ujirani huo haukuokoi. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na Mombasa ikaburura kama kwingine. Siku kama hizo mwenye nakala ya gemu kwenye diski anacheza.

Nakala niiweke wapi?

Diski ya nje iliyopangwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Hewa ya chumvi hula bandari za USB, kwa hivyo ifunge kwenye kopo la plastiki pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu. Usiiache dirishani.

Modi za matatu kwenye simu, Bus Simulator Indonesia, zinagoma baada ya apdeti.

Fungua ukurasa wa gemu kwenye Play Store, gusa nukta tatu za juu, ondoa "Enable auto update". Fanya leo, si siku itakapogoma. Rangi za nje kwa kawaida hupona. Gari zima lililojengwa kwa toleo jingine ndilo huja bila magurudumu au likadondoka chini ya barabara. Hapo huna la kufanya ila kumsubiri aliyelitengeneza.

Na APK inayoahidi pesa zisizoisha si modi. Ni programu ya mtu usiyemjua.

Modi inaweza kuwa na virusi?

Inaweza, hata kutoka mahali pa kuaminika. Juni 2023 virusi vilivyoitwa fractureiser viliingizwa kwenye modi za Minecraft zilizokuwa kwenye tovuti ya CurseForge. Vikiingia, vilijinakili kwenye mafaili mengine ya .jar ndani ya kompyuta na kuiba nywila. Modi ya picha haina mikono. Ya .dll, .jar au .exe inayo, basi isubiri siku tatu nne kabla ya kuishusha, waliotangulia waseme.

Narudishiwa pesa gemu ikivunjwa na apdeti?

Steam hurudisha bila maswali ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Nje ya hapo unaweza bado kuomba. Eleza kwa ufupi: ilikuwa inafanya kazi toleo fulani, imeacha toleo fulani, tarehe fulani. Usiandike insha. Pointi za duka la ndani ni habari nyingine. Ukishazitumia, zihesabu zimekwenda.

Kuna kampuni inayofanya vizuri?

Zipo, na ndizo zinazoondoa kisingizio kwa wengine. SCS, wenye Euro Truck Simulator 2, wanaacha matoleo ya zamani ndani ya Steam: "Properties", "Betas", unachagua. Basi. Dakika moja, hakuna amri wala namba ndefu. Minecraft ya Java inakuruhusu kuchagua toleo lolote kwenye kifungulio chake, ingawa ndugu yake wa Bedrock ndiye mwenye duka la Minecoins tangu 2017.

Nikilalamika, kuna anayesikia?

Wakati mwingine. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ya PSN, huduma ya mtandao ya PlayStation ambayo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, haziko kwenye orodha yake. Siku tatu za tathmini mbaya zikatosha, agizo likaondolewa.

Ila jua namna ya kuandika. Tangu Machi 2019 Steam huyaondoa kwenye hesabu ya alama mafuriko ya tathmini inayoyaona yako nje ya mada, na malalamiko ya masharti au ya ulinzi wa nakala yamewahi kuwekwa humo. Andika kuhusu gemu yenyewe: toleo lililovunjika, tarehe, faili lililobadilika, saa ulizopoteza kulirekebisha. Kiingereza chepesi kinatosha, Kiswahili pia hesabu yake ni ile ile. Kisha omba kitu kimoja kinachowezekana, yaani toleo la zamani liwekwe pale kwenye "Betas".